Mvinyo mchanganyiko wa Argentina: bei nafuu, na joto la Kigoma

Kwenye rafu ya grosari, chupa za Argentina utazijua kwa neno Malbec. Zabibu hiyo imejijengea jina, na jina nalo lina bei yake. Nafuu iko kwenye chupa zenye majina mawili ya zabibu, kama Malbec-Bonarda, Malbec-Syrah au Cabernet-Malbec, na zile zilizoandikwa tu Tinto (mwekundu) au Corte (mchanganyiko). Ushuru wa mvinyo wa nje ni mkubwa kuliko wa mvinyo wa zabibu za Dodoma, kwa hiyo nafuu ninayoisema hapa ni kati ya chupa za nje.

Kuchanganya si kuchakachua. Hata chupa iliyoandikwa Malbec peke yake, sheria ya Argentina inairuhusu kuwa na hadi asilimia 15 ya zabibu nyingine. Malbec hutoa rangi nzito na ladha inayokaribia zambarau zilizoiva. Ikilimwa kwenye joto jingi hulegea mdomoni, ndipo inapohitaji mwenzake. Cabernet Sauvignon huleta ukakasi, ule unaokausha ufizi kama chai iliyokaa mno na majani yake. Syrah huleta harufu ya pilipili manga. Bonarda huleta ulaini na ladha ya tunda lenye maji mengi, na kwa bei ya chini naipenda kuliko zote. Hulimwa sana mashariki mwa Mendoza, mkoa wa mvinyo wa Argentina, kwenye tambarare zenye joto. Mizabibu ya huko huzaa kwa wingi kwa kumwagiliwa maji ya theluji ya milima ya Andes, na mavuno hayo mengi ndiyo yanayoshusha bei. Mashamba ya bei kubwa yako juu zaidi, mengi kati ya mita 900 na 1,500. Tabora nayo iko kwenye mita 1,200 hivi, ila usiku wa Mendoza ni wa baridi zaidi, na baridi hiyo hulinda uchachu wa zabibu.

Kwenye lebo, zabibu inayotajwa kwanza kwa kawaida ndiyo nyingi. Neno Cosecha ni mwaka wa mavuno, na huko huvuna kati ya Februari na Aprili. Chukua chupa ya mwaka mmoja hadi mitatu iliyopita. Mchanganyiko wa bei rahisi hautengenezwi ili uwekwe, na ukipita miaka minne au mitano ladha ya tunda huondoka, ubaki uchungu. Reserva kwa mvinyo mwekundu ina maana umekaa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa. Roble ni mwaloni, mti ambao mbao zake huupa mvinyo harufu ya vanila. Mapipa ya mwaloni ni ghali, kwa hiyo kwenye chupa rahisi harufu hiyo mara nyingi hutokana na vipande vya mbao vilivyolowekwa ndani ya tangi. Vanila ikizidi, tunda hulisikii tena. Bora chupa isiyo na mwaloni kabisa.

Sasa joto, maana ndilo linaloharibu mvinyo mwingi huku kwetu. Chupa imetoka bandari ya Dar es Salaam, ikapanda lori au behewa hadi Tabora, ikateremka mpaka ziwani, na mwisho imewekwa stoo chini ya bati. Mvinyo ukipata moto hutanuka na kusukuma kizibo. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mdomo wa chupa: kizibo kikiwa kimeinuka, au ukigusa utando mwekundu unaonata, iache. Iache pia kama mvinyo umeshuka chini ya shingo, au kama chupa imesimama dirishani juani. Kifuniko cha kuzungusha ni salama kuliko kizibo cha gome la mti, kwa sababu chupa ikisimama muda mrefu gome hukauka na kupitisha hewa. Hakikisha pia stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ipo na haijachanwa.

Ukifungua ukasikia harufu ya jamu iliyoungua, joto limeupika. Harufu ya siki ni hewa iliyoingia. Harufu ya boksi lililolowa ni ugonjwa wa kizibo, na hata ukiacha glasi wazi usiku kucha haitaondoka.

Mvinyo huu unywewe ukiwa nyuzi 15 hadi 17. Sebule ya Kigoma ikiwa na nyuzi 28, pombe hupanda puani na kufunika kila kitu. Weka chupa kwenye friji kama saa moja na nusu, au kwenye ndoo ya maji na barafu dakika 12 hadi 15. Maji ni lazima, kwani barafu peke yake hugusa chupa sehemu chache tu. Umeme ukikatika, ifunge kitambaa kilicholowa uiweke penye upepo kivulini. Tabora wakati wa kiangazi njia hii hufanya kazi vizuri kwa kuwa hewa ni kavu. Masika haisaidii sana.

Mbuzi wa kuchoma na chumvi hukubaliana na Malbec-Cabernet, kwani mafuta na chumvi hulainisha ukakasi. Kisamvu cha karanga kinataka Bonarda. Dagaa ndio wagumu: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki huacha ladha ya msumari mdomoni. Kwa mgebuka wa kubanika, kamulia ndimu na uchague Malbec-Bonarda isiyo na mwaloni, iliyopoa vizuri. Pilipili kali huzidisha moto wa pombe, kwa hiyo kachumbari iwe ya kiasi.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Ikibaki nusu, mimina mara moja kwenye chupa safi ya soda ya mililita 350, ijae mpaka juu, funga, weka kwenye friji. Hukaa siku tatu au nne. Ikiachwa mezani kwa joto letu, kesho yake jioni inafaa kulowekea nyama tu.