Kioo Kisicho Kioo, na Soksi Iliyonichagulia Mfuko

Kosa langu la kwanza lilitokana na jina. Ile kinga ya upepo iliyo mbele ya pikipiki tunaiita "kioo", basi nami nikaitunza kama kioo. Kumbe ni plastiki. Yangu ni polikabonati: ukiipiga kokoto haipasuki, lakini uso wake unachubuka kwa kitu kidogo tu. Nyingine ni za akriliki, ambazo zinavumilia mikwaruzo kidogo zaidi ila zikipigwa vibaya zinapasuka. Mimi yote hayo nilikuja kuyajua nikiwa nimeshalipia.

Pikipiki yangu ni ya safari ndefu na kioo chake kinachomoka. Asubuhi ya baridi nakivaa, jua likipanda nakitoa nipate upepo kifuani. Sasa ukishakitoa unakiweka wapi?

Mwenzangu mmoja wa safari, mtu wa miaka mingi barabarani na mwenye jibu la kila swali, akaniambia: "Kaka, mfuko wa nini? Kizungushie blanketi, funga mpira, twende zetu." Nikamsikiliza. Blanketi lilikuwa nene, safi, limetoka kufuliwa. Nikakifunga kioo kwenye kiti cha nyuma, tukaenda kama kilomita mia tatu hivi, sehemu kubwa vumbi tupu.

Jioni nikafungua mzigo wangu kwa madaha, watu wanatazama. Kioo kina ukungu. Nikakipuliza, ukungu upo. Nikakifuta, ukungu upo. Nikakiinua kuelekea jua linalozama, ndipo nikaona: mistari midogo midogo isiyohesabika, na imejaa zaidi pale mpira ulipobana. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye manyoya ya blanketi, injini inatetemesha, na kwa saa zote zile blanketi langu safi likawa linafanya kazi ya msasa. Usiku ule kila gari lililokuja mbele yangu taa zake zilitawanyika kwenye kioo kama fataki.

Nikazidisha ujinga. Nikachukua dawa ya kusafishia madirisha, si kioo hiki? Dawa hizo nyingi zina amonia, na amonia na polikabonati haviivi chungu kimoja. Haukupita muda nikaona nyufa nyembamba kama utando wa buibui kuzunguka matundu ya skrubu. Kioo kikaisha hivyo. Bei ya kipya siitaji hapa kwa sababu mke wangu husoma ninachoandika.

Kipya kilipofika nikaapa kununua mfuko. Nikapima upana wa kioo kutoka ncha hadi ncha: sentimita 56. Nikaona mfuko wa mtandaoni wenye upana wa 60, nikajipongeza kwa kuacha nafasi. Ulipofika ukaingia hadi katikati, ukagoma. Kioo kimepinda, na mfuko ni bapa! Tepu ya fundi nguo nilipoilaza ikafuata mpindo, ikasoma 66. Na hapo bado vile vyuma vya kushikia nyuma, vinavyotokeza kama vidole vinne. Halafu vipimo vya muuzaji mara nyingi ni vya nje, mshono unakula sentimita moja au mbili za ndani. Mfuko ule sasa unabeba koti langu la mvua, na kwa kazi hiyo sina malalamiko nao.

Mara ya tatu sikutaka kubahatisha. Nilichukua shuka kuukuu, nikakata kwa vipimo alivyoandika muuzaji, nikatoa vya mshono, nikashona kwa mkono mfuko wa uongo. Mishono yangu ilikuwa kama ya mtu aliyefumba macho, lakini kazi ilifanyika: kioo kikiingia kwenye shuka, kitaingia kwenye mfuko. Mfuko wa kwanza niliokuwa nautaka ukafeli papo hapo sebuleni, pesa yangu ikiwa bado mfukoni. Wa pili ukapita. Mke wangu akasimama mlangoni akauliza, "Hilo shuka lilikukosea nini?" Sikuwa na jibu la maana.

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimechukua na soksi yake ndefu, zile nyembamba za nailoni. Mfuko ulipofika niliivaa soksi mkononi kama glavu, nikapitisha mkono ndani polepole, pembe zote. Soksi ya nailoni haina siri: panapokwaruza, inanasa. Ilinasa mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye meno ya zipu, ambayo hayakuwa na ulimi wa kitambaa kuyafunika kwa ndani. Pa pili ni ukingo mgumu wa velkro, ule upande wenye ndoano. Macho yangu yalikuwa yameyapita yote mawili. Nikashonea utepe wa flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya, juu ya zipu, velkro nikaigeuza upande laini ndio utazame kioo. Ukipata mfuko wenye ulimi huo tangu kiwandani, usiuache.

Ndani uwe flisi au kitambaa kingine laini, siyo plastiki ya vinili inayong'aa. Vinili inafungia unyevu, tena vilainishi vilivyomo vinaweza kuhamia kwenye kioo kikikaa humo muda mrefu, hasa kwenye joto. Niliukataa mmoja mzuri sana wa rangi kwa sababu hiyo tu. Wangu una pazia la katikati linalotenganisha kioo na vyuma vyake. Kile kifuko kidogo cha nje cha kuwekea glavu nilikiona mapambo, sasa nakitumia kila siku, ila kitu kigumu siweki humo.

Kuhusu bei, jumla yake pamoja na utepe ilikuwa kama matangi mawili ya mafuta, pengine na nusu.

Kingine, kioo chenye wadudu waliokauka hakiingii mfukoni. Nalaza taulo lililoloa maji juu yake dakika kumi, wadudu wanalegea wenyewe, namwagia maji, nangoja kikauke. Na mfuko wenyewe naugeuza ndani nje kila baada ya safari nikaukung'uta, maana flisi nayo inabeba mchanga kama blanketi lilivyobeba.

Wiki iliyopita yule bwana wa blanketi alinipigia. Amebadilisha pikipiki, kioo chake sasa kinachomoka, anaomba kuazima mfuko kwa safari moja tu. Nikamwambia aje, upo. Nikampa ule wa shuka.