Wi-Fi ya maktaba iligoma kuleta ukurasa wa kuingia: jinsi nilivyotatua
Simu ilishika Wi-Fi ya maktaba vizuri, alama imejaa, lakini hakuna kilichofunguka. Ule ukurasa wa kukubali masharti haukutokea kabisa. Nikaufuta mtandao, nikauunga upya, nikazima na kuwasha simu. Wapi!

Kumbe kwenye Mipangilio, DNS ya Faragha (mpangilio wa seva ambayo simu huiuliza anwani ya kila tovuti, kwa njia iliyosimbwa) ilikuwa na jina la seva niliyoiweka zamani kuzuia matangazo. Mtandao wa maktaba ulikuwa unaizuia seva hiyo mpaka nikubali masharti, na simu nayo haikutaka kuuliza kwingine. Nikaizima, kisha nikaandika kwenye kivinjari http://neverssl.com. Tazama hapo: http, bila s. Kurasa zenye s zimesimbwa, kwa hiyo mtandao hauwezi kukuelekeza kwingine bila kivinjari kulalamika. Masharti yakatokea papo hapo. Nilipokubali, nikairudisha DNS yangu, na intaneti ikaendelea bila shida.