Masikio ya sufuria

Duara la alumini lilikuwa na kipenyo cha milimita 200 na unene wa milimita 1. Panchi, nguzo ya chuma inayosukuma duara ndani ya dai (kibonde cha chuma), ilikuwa ya milimita 110. Sufuria ilipotoka kwenye dai, ukingo wake ulikuwa na vilima vinne, ambavyo mafundi wa presi huviita masikio. Kutoka bonde hadi kilele, milimita 4. Kazi yetu wiki ile ilikuwa kuyapata masikio hayo kwenye kompyuta kabla bati halijakatwa.

Jumatatu tulianza na modeli ya von Mises, kanuni ya hesabu inayosema metali huanza lini kubadilika umbo moja kwa moja. Ukingo ukatoka bapa kabisa, na ungetoka hivyo hata kama bati lingegawanywa vipande milioni, kwa sababu modeli hiyo huchukulia kuwa metali ina nguvu ileile kila upande. Alumini haiko hivyo. Ni fuwele ndogo nyingi, kila moja ikiteleza kwa njia 12 tu, na bati likishaviringwa na rola kisha likapashwa moto, nyingi hulala kama mchemraba uliokaa sambamba na bati. Ndiyo maana masikio yalisimama kwenye uelekeo wa rola na kwenye uelekeo unaoukata, si kwenye nyuzi 45.

"Mwanangu, duara halina pembe," mzee wa presi aliniambia. "Weka alama ya rola kabla ya kukata." Bila alama ile, vipimo vyote vilivyofuata visingekuwa na maana.

Tukakata vipande vya kuvuta kwa nyuzi 0, 45 na 90 kutoka uelekeo wa rola, tukavirefusha asilimia 15, tukagawanya kupungua kwa upana kwa kupungua kwa unene. Unene hatukuupima kwa kalipa, maana kosa dogo kwenye milimita 1 huharibu uwiano. Tuliupata kwa hesabu, ujazo ukiwa haubadiliki. Uwiano ukawa 0.78, 0.52 na 0.74.

Modeli ya Hill ya 1948, inayoruhusu nguvu tofauti kila upande, kwa namba hizo ilitoa masikio manne mahali pake, lakini marefu mno. Tatizo la Hill kwa alumini ni hili: uwiano ukiwa chini ya 1, hudai bati linalovutwa pande mbili kwa pamoja huanza kubadilika umbo moja kwa moja kwa mkazo mdogo zaidi, kwetu asilimia 7 chini ya kuvutwa upande mmoja. Alumini halisi haifanyi hivyo.

Ilibidi kurudi kwenye fuwele zenyewe. Tulichukua mielekeo 500 ya fuwele kutoka kipimo cha eksirei, tukatumia dhana ya Taylor kwamba kila fuwele hubadilika umbo sawa na bati zima. Kipeo cha kasi, yaani namba ya jinsi mkazo unavyopanda kasi ya kuvuta ikiongezeka, cha 0.01 kiliifanya hesabu ikwame, kwa 0.05 ikaenda. Kuiweka hesabu hiyo ndani ya kila elementi, yaani kila kipande kidogo cha bati kwenye kompyuta, kungechukua siku nyingi, kwa hiyo tuliitumia kutafuta mikazo na uwiano ambao hatukuweza kupima, hasa wa kuvuta pande mbili, kisha tukajaza vigezo 8 vya modeli ya Barlat ya 2003, nyingine ya aina ya Hill, kipeo kikiwa 8 kama inavyofaa alumini. Modeli hiyo ni ya bati jembamba tu.

Ijumaa masikio yakatoka milimita 4.4. Bonde lilibaki milimita 5 juu ya mstari wa kukatia, duara likapunguzwa hadi milimita 196.