Huna kura, lakini kipaza sauti ni chako pia

Watu wetu huku California tukikutana, siasa haikosi. Tunakesha tukibishana habari za rais, za Bunge la Washington na za sheria za uhamiaji, na hakuna wa kutulaumu, maana mambo hayo yanagusa vibali vyetu na familia zetu. Ila kuna baraza lililo karibu nasi zaidi ambalo wengi wetu hatujawahi kukanyaga mlango wake. Kampuni gani izoe taka za mtaa na kwa ada gani, kivuko cha mbele ya shule kiwekwe taa au kiachwe na rangi tu, nyuma ya nyumba unayopanga pajengwe ghorofa au pasijengwe: hayo yanaamuliwa na madiwani wa mji, jioni ya siku ya kazi, kwenye ukumbi wenye viti vingi vitupu.

Nimehudhuria vikao hivyo kwa miaka kadhaa sasa, na ninaandika kwa sababu nataka Waafrika Mashariki wengi zaidi waje. Huhitaji uraia. Huhitaji kuwa mpiga kura. Sheria ya jimbo inayosimamia vikao hivi inaitwa Brown Act, kwa jina la mbunge Ralph M. Brown, na ni ya mwaka 1953. Sheria hiyo inataja umma, na umma ni kila aliyeingia ukumbini, awe raia, awe na kadi ya kijani, awe na karatasi za ukimbizi.

Kwanza mjue mnakwenda kukutana na nani. California ina miji zaidi ya 480, na mingi kati yake ina madiwani watano. Wakiwa watano, watatu wanatosha kufanya akidi, yaani idadi ya chini inayohitajika ili kikao kifanyike. Katika miji mingi meya ni diwani kama wenzake, anaendesha kikao na kura yake ni moja. Shughuli za kila siku ziko kwa mkurugenzi wa mji, ambaye hakuchaguliwa na wananchi bali ameajiriwa na baraza. Kwa hiyo shimo la barabarani ni la kupeleka idarani, ripoti yake unaitoa kwa simu na mara nyingi linazibwa bila kikao chochote. Kwa madiwani unapeleka mambo ya sera na fedha: kwa nini mtaa wetu hautengewi pesa za barabara mwaka hadi mwaka, kwa mfano.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kikao hakianzi pale meya anapogonga nyundo. Kinaanza siku ajenda inapobandikwa. Sheria inautaka mji uitangaze angalau saa 72 kabla ya kikao cha kawaida, na saa 24 kabla ya kikao maalumu. Kikao kikiwa Jumanne jioni, miji mingi huitoa ajenda Alhamisi au Ijumaa, kwenye tovuti na kwenye ubao ulio mahali pa wazi. Jambo ambalo halimo kwenye ajenda, baraza haliruhusiwi kulijadili wala kuliamua, isipokuwa kwa dharura chache zilizotajwa na sheria. Na nyuma ya kila jambo lililomo kuna taarifa iliyoandikwa na watumishi wa mji. Taarifa hizo zina mpangilio unaofanana: juu kabisa ni pendekezo, katikati ni maelezo, karibu na mwisho ni gharama, kisha viambatisho. Mimi husoma pendekezo na gharama, halafu naruka moja kwa moja hadi kwenye viambatisho, kwa sababu ramani na mikataba ndiko yaliko mambo yatakayofanyika kweli.

Anayefika Jumanne bila kuisoma ajenda ataona sherehe. Majina ya madiwani yanaitwa, watu wanasimama kwa heshima ya bendera, vyeti vinatolewa kwa timu ya watoto au mzima moto anayestaafu, picha zinapigwa. Kisha meya anataja orodha ya mambo ya kupitishwa kwa pamoja. Diwani mmoja anatoa hoja, mwingine anaunga mkono, karani anaita kura, imepita. Haichukui dakika mbili. Mgeni anadhani kikao bado hakijaanza, kumbe mambo kumi na tano yameshaamuliwa: kumbukumbu za kikao kilichopita, malipo ya mwezi, mkataba wa kutengeneza barabara, ununuzi wa magari ya polisi, kukubali ruzuku ya serikali kuu. Orodha hiyo imewekwa kwa nia nzuri, maana baraza haliwezi kujadili kila ankara, na sehemu kubwa ya yaliyomo hayana ubishi wowote. Lakini humo humo ndimo hupita jambo la mtaa wenu. Ukitaka lijadiliwe, lazima liondolewe kwenye orodha kabla ya kura. Diwani yeyote anaweza kuomba hivyo, na ipo miji ambayo hata mwananchi anaruhusiwa. Ukinyoosha mkono baada ya kura, umechelewa.

Kwetu jambo hilo lilikuwa kivuko. Kuna shule ya msingi ambayo watoto wengi wa familia zinazozungumza Kiswahili wanasoma, na ili kuifikia wanavuka barabara yenye njia nne za magari. Mji ulipoamua kuweka lami upya barabara ile, mkataba uliingia kwenye ile orodha ya pamoja, mstari mmoja tu: kumpa mkandarasi kazi. Ijumaa jioni kina mama wawili walifungua kiambatisho cha mwisho, wakakuta mchoro wa kivuko chetu. Mistari myeupe, alama mbili, hakuna taa. Walinitumia picha ya mchoro ule wakiwa wameuzungushia duara jekundu, chini wameandika: "Kaka, hawa wanatupakia rangi tu."

Jumamosi tuliwaandikia madiwani, kila mmoja barua yake. Hapa kuna jambo la kufahamu. Madiwani wanaofikia zaidi ya nusu ya baraza hawaruhusiwi kukubaliana uamuzi nje ya kikao, iwe kwa simu, kwa barua pepe au kwa kupitia mtu wa kati. Kwa hiyo usimwombe diwani akwambie wenzake watapiga kura gani, na usigeuke kuwa mjumbe wa kupeleka msimamo wa huyu kwa yule. Ila wewe mwananchi hujakatazwa kuonana na kila mmoja wao kwa wakati wake. Mmoja alitupigia Jumatatu mchana, akauliza swali moja tu: watoto wangapi wanavuka pale asubuhi? Kina mama walikuwa wameshasimama pale wakahesabu, kwa nusu saa kabla ya kengele ya shule. Idadi ile ilimgusa kuliko malalamiko yetu yote yaliyotangulia.

Jumanne tulikwenda. Karani alitupa kadi ndogo za kuomba kuzungumza, unaandika namba ya jambo lililo kwenye ajenda. Pale mbele pana kipaza sauti na taa tatu: kijani unaanza, njano unakaribia mwisho, nyekundu unamaliza. Dakika zetu zilikuwa tatu kila mtu. Mama mmoja aliyetoka mashariki mwa Kongo, mwenye wajukuu watatu katika shule ile, alitaka kuzungumza lakini Kiingereza chake hakitoshi. Nilikaa naye pembeni.

"Mwanangu, mimi niseme Kiswahili mbele ya hawa wakubwa?"

"Sema, Mama. Mimi nitawaambia."

"Na zile dakika si zitaishia kwako?"

Haziishi. Hili wengi wetu hatulijui, na hata baadhi ya watumishi wa miji hulisahau: pale baraza linapoweka kikomo cha muda, sheria inataka anayetumia mkalimani apewe angalau mara mbili ya muda wa wengine, isipokuwa kama kuna vifaa vya kutafsiri papo kwa papo. Dakika tatu zinakuwa sita. Nilimkumbusha karani kabla ya kikao, akaandika kwenye kadi. Mama alisimama, akashika kingo za meza kwa mikono yote miwili, akasema alivuka msitu na watoto na hakuna aliyepotea, na sasa kila asubuhi anashika mkono wa mjukuu mdogo kabisa huku magari yakipita bila kupunguza mwendo. Alisema pole pole, akinisubiri nimalize kila sentensi. Taa ya njano ilipowaka alikuwa ameshamaliza, akarudi kuketi.

Diwani yule aliyepiga simu aliomba jambo liondolewe kwenye orodha. Mhandisi wa mji aliitwa, akaulizwa gharama ya taa zinazowaka na kuzimika pale mtu anapobonyeza kitufe. Hakuwa nayo mkononi. Baraza likaupitisha mkataba wa lami, ili kazi isisimame, na likawaelekeza watumishi warudi na makadirio ya taa. Kuna wenzetu waliotoka ukumbini wamenuna, wakidhani tumenyimwa. Hapana. Elekezo la baraza lililoingia kwenye kumbukumbu ni kitu kikubwa, kwa sababu sasa mtumishi ana wajibu wa kurudi na majibu, na wewe una tarehe ya kikao na jambo la kulidai.

Kuna maumivu mengine ambayo nimeyaona mara nyingi kwa watu wetu. Karibu na mwanzo wa kikao huwa na muda wa kusema lolote lililo chini ya mamlaka ya mji, hata kama halimo kwenye ajenda. Mtu anajiandaa, anavaa vizuri, anatoa ya moyoni kuhusu mwenye nyumba asiyetengeneza mabomba, halafu madiwani wanamtazama kimya. "Asante," anasema meya, na anaitwa mwingine. Ndugu yetu anaondoka akisema Mwafrika hasikilizwi hapa. Ubaguzi upo, sitaukana. Lakini ukimya ule unatokana na sheria: jambo halimo kwenye ajenda, kwa hiyo hawaruhusiwi kulijadili. Wanaweza kujibu kwa ufupi, kuuliza swali la kufafanua, au kumwomba mkurugenzi alifuatilie. Ukitaka majibu, maliza kwa ombi linaloweza kutekelezwa: "Naomba watumishi wawasiliane nami kuhusu ukaguzi wa jengo hili," au "Naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho." Kisha msubiri mtumishi pale nyuma ya ukumbi. Mara nyingi atakuja mwenyewe na kadi yake.

Wapangaji wana shida ya ziada. Mwenye kiwanja akiomba kibali maalumu cha kujenga au kufungua biashara fulani na ikahitajika kusikilizwa kwa umma, sheria ya jimbo inataka barua zitumwe kwa wenye mali walio ndani ya futi 300, yaani mita zipatazo 90. Wenye mali, siyo wakazi. Kuna miji inayowatumia wapangaji pia kwa hiari yake, lakini wengi wetu tumepanga, na barua inamfikia mwenye nyumba anayeishi mji mwingine. Ndiyo maana nasisitiza kuisoma ajenda. Miji mingi itakutumia kwa barua pepe ukijiandikisha, na ni bure.

Sheria ndogo za mji nazo zina mwendo wake. Kwa kawaida huletwa kikao kimoja, zikapitishwa kikao kingine angalau siku tano baadaye, na huanza kutumika siku 30 baada ya kupitishwa. Mjadala wa kweli uko kikao cha kwanza. Cha pili mara nyingi kinawekwa ndani ya ile orodha ya pamoja, na ukisubiri hadi hapo utakuta maneno yameshakauka.

Wengine wananiambia wanaogopa jina lao kuandikwa. Hofu hiyo naiheshimu, hasa nyakati hizi. Sheria haimruhusu mtu yeyote kukulazimisha uandike jina ndipo uingie kikaoni. Daftari likiwepo mlangoni, lazima lieleze kwamba kujiandikisha ni hiari. Lakini vikao vingi hurekodiwa kwa video na kuwekwa mtandaoni, na barua uliyoituma inakuwa waraka wa umma. Mwenye kesi ya uhamiaji inayoendelea anaweza kuamua kukaa tu kwenye kiti na kumwachia jirani mwenye uhakika azungumze. Kiti kilichojaa nacho kinaonekana na madiwani. Wanahesabu.

Makadirio ya taa yalirudi. Baraza liliyakubali kwa kura nne dhidi ya moja, ila pesa hazikuwemo kwenye bajeti ya mwaka ule, kwa hiyo taa zimeingizwa kwenye rasimu ya mwaka ujao wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai. Bajeti lazima ipitishwe kabla ya hapo, na kabla ya kupita itasikilizwa hadharani. Rasimu ina kurasa nyingi. Kivuko chetu kiko kwenye jedwali la miradi ya barabara, na miradi ya jedwali hilo ndiyo inayokatwa kwanza hesabu zikibana. Kina mama wameshagawana kazi: wawili wanasoma jedwali kila linapotoka toleo jipya, mmoja anapanga magari ya kubeba watu, na bibi yetu kutoka Kongo amesema safari hii anazitaka dakika zake sita zote.