Jioni na watoto kwenye soko la Krismasi la Nürnberg

Mwezi wa Desemba mjini Nürnberg, Ujerumani, jua huzama kama saa kumi na robo jioni. Kwa mwenye watoto hiyo ni heri: taa zinawaka wakiwa bado na nguvu, na saa mbili usiku mnaweza kuwa mmerudi kulala. Tulikwenda siku ya kazi, katikati ya wiki, na ndivyo ningemshauri yeyote. Jumamosi jioni watu hubanana bega kwa bega katikati ya vibanda, na gari la kusukuma mtoto halipiti. Mdogo abebwe kwa mbeleko, kisha mbebaji avae koti kubwa juu yao wote wawili.

Mavazi ndiyo huamua mtadumu muda gani. Fulana ya pamba inawaponza wengi: inanyonya jasho ndani ya treni yenye joto, halafu nje jasho hilo linageuka barafu mgongoni. Ndani ivaliwe sufu nyembamba, juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo, na zipu ifunguliwe mara tu mnapoingia kwenye treni. Baridi yenyewe huanzia miguuni, maana mnasimama muda mrefu juu ya mawe. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni hasara tupu, kwa sababu damu haipiti vizuri na hakuna hewa ya kutunza joto. Soksi moja nene ya sufu na kiatu chenye nafasi vinatosha.

Kutoka uwanja wa ndege tulipanda treni ya chini ya ardhi ya U2, dakika kama 12 hadi stesheni kuu, Hauptbahnhof. Treni za U2 na U3 hazina dereva, kwa hiyo kiti cha mbele kabisa ni cha abiria na watoto hukigombania. Tiketi ya siku iitwayo TagesTicket Plus inabeba hadi watu sita, watu wazima wasizidi wawili, na ikinunuliwa Jumamosi inatumika mpaka Jumapili. Baada ya stesheni kuu ni kutembea tu: barabara ya Königstraße chini ya taa, kanisa la Lorenzkirche, daraja la Museumsbrücke juu ya mto Pegnitz.

Hapo darajani wageni wengi hunyoosha moja kwa moja hadi uwanja mkuu, Hauptmarkt. Sisi tulivuka tukakata kulia kwenda Hans-Sachs-Platz, kwenye soko la watoto. Kuna bembea ya farasi wa kuzunguka ya ghorofa mbili, gurudumu la kupanda na kitreni cha mvuke, na pia vibanda ambako watoto huoka biskuti wenyewe. Mkianzia soko kubwa, mtoto atavutwa mkono kwa saa nzima akitazama makoti ya watu wazima, na mkifika huku atakuwa amechoka na analia.

Kula kabla ya kuingia kwenye msongamano. Soseji za hapa ni ndogo, sentimita 7 hadi 9, gramu 20 hadi 25 kila moja, zimetiwa majani ya majorani na huchomwa juu ya moto wa kuni. Huuzwa tatu ndani ya mkate mmoja; sema „Drei im Weckla“ na utaeleweka. Ni nyama ya nguruwe, hivyo asiyekula atafute chapati za viazi zilizokaangwa, zinazoliwa na rojo la tufaha, au njugu za chestnut za kuchoma. Vinywaji vya moto navyo viangaliwe. Glühwein ni mvinyo. Cha watoto ni Kinderpunsch, juisi yenye viungo. Vyote vinanukia mdalasini na karafuu na hutolewa kwenye vikombe vinavyofanana, kwa hiyo mzazi aonje kwanza. Kila kikombe kina amana inayolipwa papo hapo na kurudishwa ukirejesha kikombe. Beba pesa taslimu, sarafu hasa.

Hauptmarkt kuna vibanda vya mbao kama 180, paa zao ni vitambaa vya mistari myekundu na myeupe. Hufunguliwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, na anayefungua ni Christkind, msichana mwenye taji na mavazi ya dhahabu, akizungumza kutoka roshani ya kanisa la Frauenkirche. Huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, awe na umri wa miaka 16 hadi 19, urefu usiopungua sentimita 160, na asiwe mwoga wa kusimama juu.

Kabla ya kuzama humo, pangeni pa kukutania. Betri ya simu huishiwa haraka kwenye baridi, basi simu ikae mfuko wa ndani. Chemchemi ya Schöner Brunnen ina urefu wa mita 19 na inang'aa juu ya paa zote, hakuna mtoto asiyeiona. Namba ya simu iandikwe kwenye karatasi na kutiwa mfukoni mwake.

Kwenye vibanda, kinachostahili kusimamiwa ni Zwetschgenmännla. Ni mtu wa urefu wa kiganja: mifupa ya waya, mikono na miguu ya plamu zilizokaushwa, kiwiliwili cha tini, na kichwa cha jozi kilichochorwa macho na mdomo. Halafu anavishwa nguo za fundi wa kusafisha dohani au za bibi harusi. Haliwi. Keki za viungo, Lebkuchen, zina madaraja: iliyoandikwa Elisen lazima iwe na angalau asilimia 25 ya lozi, hazeli au jozi, na unga usiozidi asilimia 10. Za bei rahisi zenye umbo la moyo na maandishi ya sukari ni za kutundika. Ukiumega utajua kwa nini. Malaika wa bati jembamba la dhahabu ni mzuri, ila sketi yake ya marinda hupondeka sandukuni. Abebwe mkononi ndani ya boksi gumu.

Kwa kutazama taa zenyewe, tulipanda Burgstraße hadi uwanja wa Freiung kwenye ngome ya Kaiserburg, dakika kama kumi za mlima. Njia ni ya mawe na huteleza ikinyesha, basi wadogo washikwe upande wa ukuta. Picha hutoka vizuri zaidi nusu saa baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado buluu. Gusa taa kwenye skrini ya simu, kisha punguza mwanga wa picha. Soko hufungwa saa tatu usiku, na tarehe 24 Desemba mapema, saa nane mchana. Kikombe ambacho hamjakirudisha hadi hapo ni chenu.