Nilivyojifunza kumtolea Mungu kitu kimoja kimoja

Kwenye semina na mikesha tumezoea kusimama, kuinua mikono na kusema, "Bwana, nakutolea vyote." Nimelisema hilo mara nyingi, na nililimaanisha. Lakini "vyote" haikamatiki. Kesho yake ukiulizwa umetoa nini hasa, huna cha kutaja. Kilichonisaidia ni kuacha kutoa kwa jumla, nikaanza kutoa kitu kimoja chenye jina, kwa wiki nne, kabla ya kugusa kingine. Naeleza ninavyofanya kwa ajili ya mtu aliyechoka kujitoa upya kila mwaka na kujikuta palepale.

Sisi wa Dodoma hatuna udhuru wa kutoielewa Yohana 15, pale Yesu anapojiita mzabibu wa kweli. Nenda Hombolo au Mpunguzi wakati wa kupogoa mizabibu ukaangalie. Mkulima haingii shambani na panga akafyeka. Anashika tawi moja, anahesabu macho, yaani vifundo vinavyochipua, kutoka chini, mawili au matatu, kisha anakata kwa mkasi mkali juu kidogo ya jicho la mwisho. Pale alipokata, mzabibu huweza kutoa maji tone kwa tone kwa siku kadhaa, kama unalia. Na matawi anayoyaangusha si makavu tu. Mengi ni mazima, yalizaa vizuri msimu uliopita. Zabibu hutoka kwenye chipukizi jipya, na mzabibu usiopunguzwa hujaa majani na vichala hafifu. Ndiyo maana imeandikwa kwamba kila tawi lizaalo hulisafisha, "ili lizidi kuzaa". Kwa muda mrefu nilidhani kujikana ni kuacha dhambi, basi. Dhambi ni ya kutubu na kuacha, haina mjadala. Kinachohitaji kutolewa, mara nyingi, ni kitu kizuri nilichoking'ang'ania.

Muda wangu ni saa kumi na moja alfajiri, kabla watoto hawajaamka na kabla sijagusa simu. Dakika 25 zinatosha. Anayeanza na saa nzima kwa kawaida huishia njiani. Dakika 5 ni za kunyamaza. Dakika 10 nasoma fungu fupi, mistari isiyozidi 15, mara tatu kwa sauti ya chini, na fungu hilohilo wiki nzima. Wiki ya kwanza Luka 9:18–25, ya pili Wafilipi 2:5–13, ya tatu Luka 22:39–46, ya nne Yohana 15:1–11. Usibadilishe fungu kila siku. Ukisoma jipya kila asubuhi unapata mengi ya kuwasimulia watu, lakini Neno halipati nafasi ya kukukalia moyoni hadi likusumbue. Dakika 5 naandika, dakika 5 za mwisho naomba kwa kutamka.

Kukipata kitu chenyewe kunaanza na Zaburi 139:23, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Kisha najiuliza: ni nini kikiguswa nakasirika kabla sijafikiri? Nikishtuka usingizini saa nane usiku, nawaza nini? Ni jambo gani sipendi mwenzangu aniulize? Jibu linalojirudia siku tatu mfululizo ndilo naliandika.

Daftari la kawaida la shule linatosha. Ukurasa naugawa safu tatu: kitu, ninachoogopa kikiondoka, hatua ya leo. Mfano wangu wa kwanza ulikuwa funguo mbili za stoo ya kanisa, zimefungwa kwa waya na kitambaa chekundu, pamoja na daftari la risiti za ujenzi. Safu ya kwanza ilijazwa kwa dakika moja. Safu ya pili ilichukua siku nne, maana kwanza niliandika "mali itapotea", na hiyo haikuwa kweli. Kweli ilikuwa "wataona wanaweza bila mimi". Hapo ndipo kazi ilipo. Usipofika kwenye hofu yenyewe, utakabidhi funguo na kubaki na kile kilichokufanya uzishike. Hatua ya siku hiyo ilikuwa kumpelekea mweka hazina funguo na daftari kabla ya saa kumi jioni, bila hotuba.

Sala yenyewe ni fupi: "Baba, funguo hizi na heshima niliyoipata kwazo ni zako. Sina nguvu ya kuziachia. Nipe nguvu hiyo." Sentensi ya katikati usiiruke. Anayeahidi kwa nguvu zake ameweka nadhiri tu, na Mhubiri 5 inaonya kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Wafilipi 2:13 inasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu.

Wiki ya pili ndiyo ngumu. Kitu hurudi kimyakimya: unapita karibu na stoo "kuangalia tu". Usianze tena kwa kilio cha siku tatu. Sema palepale, "Nimekichukua tena, nakurudishia," uendelee na safari. Kukirudisha mara kumi kwa siku si kushindwa.

Uwe na mtu mmoja wa kumwambia, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, mara moja kwa wiki. Ndugu wa Uamsho ule wa Wakristo wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 walilijua hili vizuri: kutembea nuruni, yaani kuishi bila kuficha dhambi, na kutengeneza na uliyemkosea kwa kumwendea na kurudisha kilicho chake. Mimi namsomea mwenzangu safu ya pili tu. Hanipi ushauri mpaka niuombe.

Kuna mambo mawili nayasema kwa uzito. Kujitoa kwa Mungu si kujikabidhi kwa mtumishi. Anayekudai hati ya kiwanja, au anayekuambia uache dawa ili uonyeshe imani, mkatalie. Wala mama anayepigwa nyumbani asiambiwe kwamba kunyamaza ndiko kujikana; atafute usalama na msaada. Na ukifunga, kunywa maji, hasa joto la Oktoba na Novemba hapa kwetu. Mjamzito, mwenye kisukari au anayetumia dawa amwone daktari kwanza, au afunge kitu kingine badala ya chakula.

Ukuaji siupimi kwa hisia, kwa sababu hisia hufuata usingizi na afya. Naandika muda: nilipoudhika, ilinichukua muda gani kwenda kutengeneza? Mwanzoni niliandika "siku 9". Siku hizi mara nyingi naandika "jioni ileile".

Wiki nne zikiisha naandika tarehe, nafunga ukurasa, napumzika wiki moja ya shukrani tupu. Ukurasa wa sasa una neno "mpaka", maana viwanja vimepanda bei na mita mbili zimekuwa jambo. Hatua ya leo: kumpigia jirani simu, tukapime pamoja kabla ya Jumamosi.