Pampu ya betri imeniokoa bega

Jamani, wikiendi hii niliteremka Matema, kwenye Ziwa Nyasa, kutoka Mbeya na tiara yangu ya mita za mraba 12, ile yenye mirija ya kujazwa hewa, inayokuvuta juu ya maji kwa nguvu ya upepo. Nimeijaza upepo kwa pampu ya mkono miaka yote, na tangu bega liteguke nilikuwa naingia ziwani nimeshachoka.

Kwanza nilijaribu kompresa ndogo ya matairi, ya kuchomeka kwenye gari. Usihangaike nayo. Imetengenezwa kutoa presha kubwa na hewa kidogo kidogo. Tairi la gari linataka PSI 30 hivi. Tiara yangu inataka 7 tu, lakini inameza hewa nyingi mno! Kompresa ikapata moto, mrija wa mbele bado umelegea.

Ndipo nikanunua pampu ya kuchaji, ya kujazia tiara na zile mbao za kujazwa hewa, za kusimama juu yake majini ukipiga kasia. Unaweka kiwango, ikifika inajizima yenyewe. Bega halikuuma hata kidogo, nilifurahi sana. Ila kabla ya kulipa, hakikisha ncha yake inaingia kwenye valvu ya tiara yako. Mimi ilibidi nitafute ncha nyingine. Uliza pia chaji moja inajaza tiara ngapi, maana pale mchangani hakuna pa kuchomeka.

Ya mkono bado naibeba garini. Upepo wa kusini ukianza kuvuma Nyasa na betri imeisha, sitaki kukaa ufukweni nikitazama mawimbi.